UZI: Kutengeneza kihisi cha dopamini kwa kijiti cha penseli na polima, mchanganuo kamili (vifaa vya kupatikana Mwanza)

#1 Kinywe_HB

Wakuu, habari za jioni. Maswali ya vihisi vya kemikali za ubongo yametapakaa kwenye nyuzi nyingine na majibu yanakatikia njiani. Tuyaweke hapa.

Tunachotaka ni kihisi kinachosoma dopamini kuanzia mikromola 1 hivi, kwenye bafa (mchanganyiko unaoshikilia pH) ya pH 7.4, huku vitamini C imo ndani. Hilo la mwisho ndilo lenye kazi. Kuona dopamini peke yake si jambo gumu, kaboni yoyote safi inaiona. Lakini kwenye majimaji ya ubongo yaliyo nje ya seli, askobeti (vitamini C) inafika mamia ya mikromola wakati dopamini inahesabiwa kwa nanomola (1,000 ndiyo mikromola 1). Na kwenye kaboni tupu vyote viwili vinaoksidika (vinatoa elektroni) kwenye volteji zinazokaribiana, kwa hiyo unapata kilele kimoja kipana cha mkondo usichojua ni cha nani.

Polima inakaa pale kama bawabu. Kwenye pH 7.4 dopamini ina chaji chanya, maana amini yake inaachia protoni karibu na pH 9. Askobeti ina chaji hasi, kwa kuwa pKa yake ni 4.1. Ukiweka utando wenye chaji hasi juu ya kaboni, dopamini inavutwa na askobeti inasukumwa. Anayechagua polima kwa kuangalia kilele kikubwa tu anakosea tangu mwanzo.

Elektrodi ya kazi (inayosoma dopamini): kijiti cha penseli ya kubonyeza, HB, mm 0.5. Kifute kwa spiriti, kisha kipake rangi ya kucha mara mbili, ukiacha mm 5 wazi kwenye ncha na sm 1.5 upande wa kibanio. Kiache saa 1 kikauke. Hizo mm 5 zinakupa eneo la takriban sm² 0.08. Rangi ikitambaa mm 1 tu, umepoteza asilimia 20 ya eneo, kwa hiyo kikaushe kikiwa kimesimama, ncha juu, na upime kila kimoja kwa rula. Ukishapaka, kaa mbali na asetoni na methanoli, vinayeyusha rangi.

Elektrodi ya kusaidia (inayokamilisha njia ya mkondo): kijiti cheusi cha katikati ya betri kavu kubwa, zile za tochi. Kikwangue, kichemshe kwenye maji mara mbili kitoe ule unga mweusi. Usiweke msumari wala kijiko cha chuma, chuma kitaingia kwenye mchanganyiko.

Elektrodi rejea (ya kulinganishia volteji): waya wa fedha. Hapa wengi wanaumia. Ukienda kwa sonara ukaomba waya wa fedha bila maelezo, kwa kawaida utapewa 925, na hiyo ina asilimia 7.5 ya chuma kingine, mara nyingi shaba. Shaba inatoka, volteji inahama, na vilele visivyo na mwenyewe vinatokea. Sema unataka 999, unene mm 0.5 au 1. Usugue kwa msasa laini, suuza, kisha zamisha sm 2 kwenye jiki kwa dakika 20 hadi 30. Weupe unakufa kwanza, unakuja ukijivu, halafu kahawia yenye zambarau kwa mbali, kama ganda la kitunguu chekundu kilichokauka. Ukiona madoa yanayong'aa bado, sugua tena na urudie. Kisha waya ukae kwenye ncha ya pipeti yenye KCl ya mola 3 (gramu 22.4 kwa ml 100), chini umeziba kwa agari iliyopikwa kwenye KCl hiyohiyo.

#2 binti_Igoma

Asante sana mkuu. Maswali mawili. Ule waya siwezi kuutumbukiza moja kwa moja kwenye bafa yenye KCl kidogo, bila hiyo ncha ya pipeti? Na maji: haya maji ya betri ya madukani yanafaa?

#3 Kinywe_HB

Dada, unaweza, mradi kloridi ibaki ileile kwenye kila kipimo. Ila jua kwamba waya ukiwa kwenye kloridi ya mola 0.1, volteji yake iko juu kwa karibu milivolti 80 kuliko ukiwa kwenye mola 3. Vilele vyako vyote vitaonekana vimesogea kushoto kwa kiasi hicho. Ukilinganisha na namba za watu bila kulijua hilo, utadhani polima imefanya maajabu.

Maji ya betri yapime kwanza. Chupa zinatofautiana, na nyingine zimewahi kubeba asidi. Chovya kipima TDS (cha vitu vilivyoyeyuka): ikisoma zaidi ya 5 achana nayo. Kisha angalia pH, ikiwa chini ya 5 achana nayo pia. Maji ya bomba hata ukiyachemsha usiyatumie, klorini kidogo tu inakula dopamini na askobeti kabla hujapima.

Bafa: changanya ml 81 za Na₂HPO₄ ya mola 0.2 na ml 19 za NaH₂PO₄ ya mola 0.2, jaza maji hadi ml 200. Hiyo ni mola 0.1, pH 7.4.

Dopamini: miligramu 190 za dopamini hidrokloridi kwenye ml 100 za HCl ya mola 0.1 inakupa milimola 10. Asidi ni lazima. Kwenye bafa ya 7.4 inaanza kubadilika rangi siku hiyohiyo, na ukipanda hadi 8.5 inajigeuza polidopamini nyeusi inayoganda kwenye kila kitu, pamoja na elektrodi yako. Funga chupa kwa karatasi ya alumini na iweke kwenye friji. Umeme ukikatika, boksi la barafu linatosha; barafu Mwanza haikosekani, wauza sangara wanaishi nayo. Mchanganyiko ukigeuka waridi au kahawia, umwage kwenye chupa ya taka, usijaribu kuuokoa.

Ile dopamini ya ampuli za hospitali ni dawa ya wagonjwa mahututi na pia huwekwa metabisalfiti ili isioksidike. Hiyo metabisalfiti inaingilia kipimo. Nunua ya maabara.

#4 Fundi_Saketi

Nichangie upande wa mashine. Potenshostati (mashine inayoshikilia volteji na kusoma mkondo) ya bei kubwa si lazima. Kuna michoro ya wazi, CheapStat ya mwaka 2011 ni mojawapo, na yeyote anayejua kuchomea IC anaiweza. Ukijijengea mwenyewe: opampu (chipu ya kukuza ishara) ya kwanza inashikilia volteji kati ya rejea na elektrodi ya kazi, ya pili inageuza mkondo kuwa volteji. Rezista ya kiloomu 10 kwenye hiyo ya pili inakupa volti 1 kwa kila mikroampia 100. Kwa kijiti cha penseli anzia hapo.

Usitumie PWM (mapigo ya kuwasha na kuzima) ya Arduino kutengeneza volteji, ina mawimbi hata ukiichuja. Weka DAC (chipu inayogeuza namba kuwa volteji) ya biti 12. Kwenye volti 3.3 hatua yake ni milivolti 0.8, inatosha.

Kabla ya kugusa kemikali yoyote, unganisha rezista ya kiloomu 100 badala ya seli: upande mmoja elektrodi ya kazi, upande mwingine rejea na ya kusaidia zikiwa pamoja. Ukiweka volti 0.1 lazima usome mikroampia 1. Ukisoma 1.3, kosa liko kwenye saketi, usilisingizie polima.

Kelele ya umeme: gridi yetu ni hezi 50, yaani wimbi moja ni milisekunde 20. Kila nukta unayosoma iwe wastani wa milisekunde 20 kamili au 40, usisome 15 au 30. Hapo kelele inajifuta yenyewe. Chomoa chaja ya laptop wakati wa kupima. Na seli ikae ndani ya boksi la bati lililofungwa pande zote, limeunganishwa na graundi ya saketi. Mafundi bati wa Makoroboi wanakukunjia boksi la sm 30 kwa 30 lenye mlango ukiwapa mchoro. Waambie mlango uguse bati pande zote, rangi isipakwe kwenye kingo. Mlango uliopakwa rangi haupitishi umeme, na boksi linakuwa kabati tu.

#5 Mwaloni77

Mkuu Kinywe, najaribu kupaka kijiti PEDOT (polima inayopitisha umeme) kwa volteji, mkondo unaanza vizuri halafu unaporomoka ndani ya sekunde chache, na ukipima kwenye bafa elektrodi haina tofauti na kaboni tupu. Shida nini?

#6 Kinywe_HB

Mara nyingi EDOT (malighafi ya PEDOT) haijayeyuka. Ni mafuta mazito kuliko maji, inakaa chini kama matone ya shanga, na maji yanapokea karibu gramu 2 tu kwa lita. Kwa ml 10 za maji weka mikrolita 10.7 (hiyo ni milimola 10) pamoja na miligramu 206 za NaPSS (chumvi ya PSS, polima yenye chaji hasi), kisha koroga saa 1 hadi 2. Inua chupa juu ya taa uangalie chini. Ukiona hata tone moja linalozunguka, endelea kukoroga.

Kabla ya hapo, kagua kijiti kwenye ferosianidi na ferisianidi (jozi ya chumvi za kujaribia elektrodi), milimola 5 kila moja kwenye KCl ya mola 0.1, kutoka −0.2 hadi +0.6 V kwa milivolti 50 kwa sekunde. Nafasi kati ya kilele cha kwenda na cha kurudi ikizidi milivolti 120, usikipake polima. Kichakate kwa +1.4 V kwenye bafa kwa sekunde 60, pima tena, kikigoma kitupe. Vijiti ni bei ya karanga. Utando mzuri juu ya kijiti kibovu unakuletea wiki nzima ya data isiyoeleweka.

Sasa weka +1.0 V na uhesabu chaji, usihesabu dakika. Simamisha kwenye milikulombu 1.6, yaani 20 kwa sm². Dakika zinadanganya kwa sababu joto la chumba na ubora wa kijiti vinabadilisha kasi. Usivuke +1.2 V, PEDOT inaungua na kupoteza upitishaji wake. Juu ya kinywe (kaboni ya penseli) hutaona ule ubuluu wa PEDOT, weusi unaumeza, kwa hiyo shahidi wako ni mkondo wa nyuma (ule unaopita hata bila dopamini) kwenye bafa tupu: ukipanda mara kadhaa kuliko kabla, utando upo.

Usipende utando mnene. Ukiongeza chaji mara tano, mkondo wa nyuma unapanda hivyohivyo na kilele cha dopamini kinazama ndani yake.

Mwisho, zungusha volteji mara 20 kwenye bafa, −0.2 hadi +0.6 V, kabla ya kipimo cha kwanza. Mizunguko ya mwanzo huwa inahama. Anayeanza kalibresheni (kupima viwango vinavyojulikana) hapo anapima utando unaotulia.

#7 Katekoli

Napingana kidogo na mkuu. PEDOT yenye PSS inatenganisha vilele vizuri: askobeti inahamia karibu na 0 V, dopamini inabaki karibu na 0.18, asidi ya yuriki karibu na 0.3. Lakini haizuii askobeti, inaisogeza tu. Mkondo wake bado unaingia. Ukitaka bawabu wa kweli, nenda polipirole iliyooksidishwa kupita kiasi.

Pirole mikrolita 69 kwenye ml 10 za LiClO₄ (lithiamu perikloreti) ya mola 0.1. Pirole iwe nyeupe kama maji. Ikiwa ya kahawia ipitishe kwenye mrija wa pipeti uliojazwa alumina kabla ya kutumia. Polimisha kwa +0.8 V hadi milikulombu 0.8. Suuza. Kisha hamishia kwenye NaOH ya mola 0.1 na ushikilie +1.0 V kwa dakika 2 hadi 5. Mkondo utakuwa mkubwa kwanza, halafu utashuka na kulala. Ukilala ndipo kazi imeisha. Utando hapo umepoteza upitishaji wake wa umeme na umejaa vikundi vya kabonili na kaboksili. Dopamini inapenya hadi kwenye kaboni, askobeti inabaki nje.

Gharama yake ni kasi. Dopamini inachukua muda kuingia na muda kutoka. Baada ya kila kipimo suuza kwa bafa tupu huku unakoroga, dakika 2 hadi 3, la sivyo kipimo cha pili kinabeba mabaki ya cha kwanza.

LiClO₄ ni kioksidishaji kikali. Usiikaushe kwenye moto, usiichanganye na spiriti.

#8 Kinywe_HB

Nakubaliana na Katekoli kwenye kuzuia. Kwa anayeanza bado nasema PEDOT, kwa sababu makosa yake yanaonekana kwa macho kwenye mkondo wa nyuma, na utando uliooksidishwa kupita kiasi ukikosewa unafanana kabisa na elektrodi iliyokufa.

#9 binti_Igoma

Nina jambo linalonitatiza. Kwenye PEDOT vilele viwili vimeachana vizuri. Lakini dopamini ya mikromola 10 ileile, nikiongeza askobeti ya milimola 0.5, kilele cha dopamini kinakua. Haijaongezwa dopamini yoyote.

#10 Katekoli

Hapo ndipo karatasi nyingi za utafiti zinapoteleza, na umefanya vema kuliona.

Dopamini ikitoa elektroni mbili na protoni mbili inakuwa kwinoni (umbo lake lililooksidika). Askobeti iliyo jirani inairudishia elektroni zake, kwinoni inakuwa dopamini tena, na elektrodi inaioksidisha mara ya pili, ya tatu. Molekuli moja inahesabiwa mara kadhaa. Kilele kimekua kwa kazi ya askobeti, japo kimesimama kwenye volteji ya dopamini.

Kwa hiyo kuachana kwa vilele hakuthibitishi kwamba kihisi kinachagua. Thibitisha hivi: chora mstari wa kalibresheni ya dopamini bila askobeti, kisha mwingine ukiwa na milimola 0.25, kisha 0.5. Miinamo ikilingana, bawabu anafanya kazi. Mwinamo ukipanda pamoja na askobeti, bado inaingia. Dawa ni utando wa kuzuia juu yake: punguza Nafion (polima yenye chaji hasi) ya asilimia 5 hadi 0.5 kwa spiriti, chovya sekunde 5, kausha nyuzi 70 kwa dakika 10. Chovya ile ncha ya mm 5 tu, spiriti isifike kwenye rangi ya kucha. Tabaka moja, mengi yanachelewesha.

#11 Kinywe_HB

Naongezea namba za kalibresheni ili tuongee lugha moja. Seli yenye ml 10 za bafa. Mchanganyiko wa dopamini wa milimola 1 (punguza ule wa 10 mara kumi, siku hiyohiyo). Kila mikrolita 10 unayodondosha ni mikromola 1. Askobeti: miligramu 176 kwenye ml 10 ni milimola 100; mikrolita 50 za hiyo kwenye seli ni milimola 0.5. Ipime mpya kila asubuhi.

Tumia voltametria ya mipigo (volteji inapanda kwa hatua, kila hatua na mpigo wake): −0.2 hadi +0.6 V, hatua milivolti 5, kimo cha mpigo milivolti 50, muda wa mpigo milisekunde 50. Usishuke chini zaidi ya −0.2, utakutana na oksijeni iliyoyeyuka na utahitaji naitrojeni bila sababu.

Kikomo cha kutambua: pima bafa tupu mara 10, chukua mtawanyiko wake, zidisha kwa 3, gawa kwa mwinamo. Tuseme mtawanyiko ni mikroampia 0.02 na mwinamo ni 0.12 kwa mikromola, kikomo ni mikromola 0.5. Hicho kipimwe askobeti ikiwamo. Cha bafa safi usikitangaze, hakuna ubongo wa bafa safi.

Na fanya elektrodi angalau tano. Elektrodi moja nzuri haijathibitisha kitu.

#12 Mwaloni77

Nimeelewa, shukrani. Sampuli halisi ya kujifunzia ipo ipi? Damu na mkojo vina vibali na hatari zake.

#13 Katekoli

Ganda la ndizi. Sitanii, ndizi ina dopamini, na ganda lina nyingi kuliko nyama. Ule weusi unaoingia kwenye ndizi iliyomenywa unatokana na vimeng'enya kuoksidisha dopamini na ndugu zake, kemia ileile inayoharibu mchanganyiko wako kwenye pH ya juu. (Dopamini hiyo ukiila haifiki ubongoni, kizuizi cha damu na ubongo hakiipitishi.)

Chukua ndizi mbivu ya njano isiyo na madoa, ya Bukoba au ya Ukerewe, yoyote. Kwangua upande wa ndani wa ganda, gramu 5, kwa kijiko cha plastiki. Utaona rangi ya krimu inaanza kugeuka kahawia kwenye kijiko kabla hujamaliza, ndiyo maana HCl ya mola 0.1, ml 20, ya baridi, iwe tayari kwenye kinu unapoanza kukwangua. Saga, chuja kwa kitambaa halafu kwa karatasi ya chujio. Maji yanayotoka yawe ya njano hafifu. Yakiwa ya kahawia umechelewa.

Weka mikrolita 100 kwenye ml 10 za bafa, pima. Kisha ongeza dopamini ya milimola 1, mikrolita 10, 20, 30, ukipima kila mara. Chora mstari, urudishe nyuma hadi ukate mhimili wa chini, pale pana kiasi kilichokuwamo kwenye seli. Njia hii inasahihisha athari ya vitu vingine kwenye mwinamo, jambo ambalo kalibresheni ya bafa haiwezi.

Ila andika "katekoli, kwa kipimo cha dopamini". Ganda lina katekoli nyingine (ndugu za dopamini) zinazooksidika palepale, na polima hii haizitofautishi zote.

#14 mgeni_Nyakato

Nimefuatilia uzi wote. Je, hiki kinaweza kuwekwa kwenye ubongo wa panya? Na glutameti, ile kemikali nyingine ya ubongo, je?

#15 Kinywe_HB

Hapana kaka. Kijiti cha mm 0.5 kinararua tishu. Waliofungua njia hiyo ni kundi la Ralph Adams, Kansas, mwaka 1973, kwa elektrodi za kaboni kwenye ubongo wa panya. Leo hutumika uzi wa kaboni wa mikroni 7, na volteji inapigwa pembetatu kutoka −0.4 hadi +1.3 V na kurudi, kwa volti 400 kwa sekunde, mara 10 kila sekunde. Mkondo wa nyuma ni mkubwa sana kuliko ishara, unaondolewa kwa hesabu. Polima za pale ni tabaka jembamba mno, na adui mpya ni protini zinazoganda juu ya elektrodi. Hayo yanahitaji kibali cha maadili, mtaalamu wa upasuaji wa wanyama, na saketi ya nanoampia. Kijiti cha penseli kinabaki kwenye bika.

Glutameti haioksidiki yenyewe. Inahitaji kimeng'enya glutameti oksidesi kinachotoa haidrojeni peroksidi, kisha peroksidi inasomwa kwenye platini kwa +0.7 V. Polima hapo ni ya m-fenilinidiamini, utando ulioshikamana sana unaopitisha molekuli ndogo ya peroksidi na kuzuia dopamini na askobeti zote mbili. Nitafungua uzi wake.

#16 binti_Igoma

Mstari wenye askobeti ya 0.5 sasa unalingana na usio nayo baada ya Nafion tabaka moja. Elektrodi hizi nizihifadhi vipi, na taka nipeleke wapi?

#17 Kinywe_HB

Hongera dada. Zihifadhi zikiwa zimelowa kwenye bafa, kwenye friji, chupa imefunikwa. Zikikauka na kulowa tena utando unapasuka na kubanduka. Kabla ya kutumia, mizunguko 10 kwenye bafa na nukta moja ya kalibresheni. Mwinamo ukishuka zaidi ya asilimia 10, tengeneza nyingine.

Taka usimwage kwenye sinki wala mtaroni, mitaro yetu yote inaishia ziwani. Chupa moja ya pirole na EDOT, nyingine ya perikloreti isiyo na pirole, nyingine ya fedha, zote zina lebo na tarehe, na zikijaa zipelekwe kwenye maabara yenye utaratibu wa taka za kemikali. Ya perikloreti isikutane na ya pirole.